Jibu: Kitufe cha kuchapa risiti za korosho kwenye Access

Mkuu, umeuliza uanze na Python au VBA (zote lugha za kuiandikia kompyuta maagizo), ili kitufe kimoja kwenye fomu ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu, kikutolee risiti ya mkulima pale chama cha msingi. Anza na VBA. Imo ndani ya Access tayari, huna cha kupakua, na kwa bando zetu za huku Tandahimba hilo si jambo dogo. Python itakungoja.

Bonyeza Alt+F11, dirisha la kuandikia maagizo (code) litafunguka. Juu kabisa weka Option Explicit, ili ukikosea herufi kwenye jina la kigeu (jina linalobeba thamani) ukamatwe mapema. Kazi yenyewe, kitufe kikibonyezwa, ni mistari miwili ("Risiti" ni jina la ripoti, NambaMzigo ni namba ya mzigo wa mkulima):

Me.Dirty = False
DoCmd.OpenReport "Risiti", acViewPreview, , "NambaMzigo = " & Me.NambaMzigo

Wa kwanza ndio ulionitesa. Msimu wangu wa mwanzo nilikuwa naandika kilo, nabonyeza, risiti inatoka na uzito wa zamani, mzee kasimama kando ya mzani ananikodolea macho. Kumbe rekodi ilikuwa haijahifadhiwa! Mstari huo unaihifadhi kwanza.

Koma mbili zilizofuatana usiziguse, zinaruka nafasi ya kichujio usichokihitaji. Na kama namba zako zina herufi ndani, mfano K-015, zizungushie alama ya nukuu moja ('), yaani "NambaMzigo = '" & Me.NambaMzigo & "'", la sivyo itagoma.

Jaribu kwenye nakala ya faili, hasa kama mnada ni kesho.