Tembo wa kroshia kapinda, pete imeng'oka: jibu kwa aliyeuliza

Pole dada. Umesema tembo wako mdogo wa kroshia, yule wa kiholda (kishikio cha funguo), anatoka kapinda, pamba inachungulia, na baada ya wiki mbili pete ya funguo imeng'oka na kipande cha kichwa. Yote yamenikuta. Sungura wangu wa kwanza kabaki kwenye daladala ya Gongo la Mboto. Nafika mlangoni, nachomoa funguo, naona pete na sikio moja linaning'inia.

Nilichojifunza: tulikuwa tunafuma mwanasesere wa kukaa kabatini, halafu tunamtundika funguo. Kiholda kinavutwa, kinakaliwa, kinashinda mfukoni na sarafu na jasho.

Kwa hiyo anza na pete. Usiishone kwenye kishono kimoja cha juu, kitavutika mpaka kigeuke shimo. Mimi natumia kifungo cha shati. Nafuma kuanzia utosini kushuka, na kabla ya kujaza pamba nachukua uzi wa fundi viatu, naupitisha kwenye matundu ya kifungo na kuufunga vizuri, kisha ncha zote mbili nazitoa nje kwa sindano ya kushonea kupitia kile kitundu cha katikati ya utosi. Kifungo kinabaki ndani ya kichwa, hakipiti. Ukivuta funguo, mzigo unaangukia kifungo na vishono vyote vinavyokizunguka. Pete naifunga nje kwa fundo mbili, ncha narudisha ndani. Kobe niliyemtengeneza hivi ana mwaka wa pili, kachakaa rangi tu.

Pamba kuchungulia ni sindano ya kroshia kuwa kubwa. Karatasi ya uzi ikisema sindano ya milimita 4, hiyo ni ya sweta. Kwa mnyama mdogo shuka mpaka 2.5. Vidole vitauma siku za kwanza, vumilia. Halafu angalia unavyonasa uzi: ukiuzungushia juu ya sindano, kishono kinatoka kama V, ukishusha sindano juu ya uzi na kuunasa kutoka chini, kinatoka kama X, kinabana zaidi. Mimi ni mtu wa X. Kama uzi wako ni wa rangi nzito, jaza vipande vya uzi huohuo badala ya pamba nyeupe. Sufi sikushauri, ikilowa inashikana mabonge. Pamba ya mto wa zamani inatosha, ingiza kidogo kidogo kwa kitako cha kalamu.

Vipimo vyangu vya kichwa: vishono 6 ndani ya duara la kuanzia, kisha mzunguko wa vishono 12, wa 18, wa 24. Mizunguko 5 ya 24 bila kuongeza. Halafu 18, 12, jaza, 6, funga. Unapata kitu cha kama sentimita 4. Ukipunguza vishono, okota uzi wa mbele tu wa vishono viwili, usichome chini ya nyuzi zote mbili za kishono, ndipo hapabaki kishimo.

Kupinda? Nadhani unapoteza hesabu. Tunafuma kwa kuzunguka bila kufunga mzunguko, kwa hiyo mwanzo wake hauonekani. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kishono cha kwanza, kihamishe kila mzunguko. Nilikuwa naona ni utoto, nikafumua twiga mara 3. (Twiga muache kwanza kabisa. Ile shingo haina adabu.)

Ukitafuta video, andika amigurumi, ndilo neno la Wajapani kwa wanyama hawa wa kufumwa na kujazwa. Utaona wengi wanaweka macho ya plastiki. Kama funguo zitashikwa na mtoto mdogo, achana nayo, yakichomoka yanaishia mdomoni. Darizi kwa uzi mweusi.

Na macho yawe ya mwisho. Vishono vya kuzunguka vinaegemea upande kadiri unavyoshuka, ukiyapanga kwa kuhesabu tembo atakuwa anatazama bega lake. Mjaze kwanza, chomeka pini mbili zenye vichwa, msogeze mbali umtazame, zihamishe mpaka akae sawa. Ukifika hapo tupia picha kabla hujadarizi, tumwangalie wote.