Watu 12 na kempa Fort Wilderness: hesabu za kufanya kabla hamjalipa

Dada wa Louisville, nimesoma swali lako lote. Mko 12: wewe na mzee wa nyumba, bibi na babu, shangazi mmoja na watoto saba, mdogo ana miaka minne na wakubwa wawili wako sekondari. Mnataka kukodi kempa moja, yaani nyumba ya magurudumu, mkae siku sita Fort Wilderness, ile kambi iliyo ndani ya Walt Disney World kule Florida, kwa sababu vyumba vitatu vya hoteli vitawamaliza. Wazo ni zuri. Kwa familia inayopika yenyewe na yenye wazee wanaohitaji kivuli mchana, sioni mahali panapofaa zaidi pale Disney. Ila kwa mpango ulivyouandika mtakwamia mapokezi, maana kiwanja kimoja kinaruhusu watu 10 tu. Wawili wenu hawana pa kuandikishwa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni viwanja viwili jirani: kempa kwenye kimoja, hema la vijana na shangazi kwenye cha pili. Hapa wengi hukosea kwa kuchukua kiwanja cha pili cha daraja la hema kwa kuwa ni cha bei ya chini. Viwanja vya hema viko kwenye mizunguko yake ya barabara, mtatenganishwa. Chukua viwanja viwili vya daraja moja (Full Hook-Up, yaani chenye maji, umeme na shimo la maji machafu, kinatosha), kisha piga simu waunganishe nafasi hizo mbili na waandike ombi la kukaa jirani. Ni ombi, hawakuahidi, kwa hiyo piga tena wiki moja kabla ya safari kuhakikisha bado limo kwenye kumbukumbu zao.

Njia ya pili ni kiwanja kimoja cha kempa pamoja na kibanda kimoja cha mbao. Vibanda vya sasa ni vipya, vilifunguliwa mwaka 2024, vinalaza watu sita na vina jiko na bafu kamili. Ni ghali kuliko kiwanja, sikufichi. Lakini ukiwa na bibi mwenye magoti mabovu, kitanda cha kawaida na bafu kamili vina thamani yake. Kama mfuko unaruhusu ningewaweka wazee, shangazi na watoto wadogo humo, wengine wakalala kwenye kempa. Mkibaki na viwanja viwili, basi wazee wapate kile chumba cha kempa chenye kitanda kikubwa na mlango. Vitanda vya juu wape watoto, baada ya kusoma kibandiko cha uzito, kwani vingi vinabeba kati ya kilo 70 na 135.

Sasa kempa yenyewe. Tangazo likisema inalaza watu 10, hiyo ni idadi ya magodoro, si mikanda ya usalama. Ile yenye injini yake, ya futi 30, mara nyingi ina mikanda sita au saba. Na ile ya kuvutwa, sheria ya Florida hairuhusu mtu kukaa ndani yake ikiwa barabarani. Kwa hiyo kwa vyovyote mtahitaji magari mawili.

Umesema mna pikapu na mnafikiria kuvuta wenyewe kutoka Louisville, karibu kilomita 1,400. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Tuseme kimeandikwa kilo 700. Kempa ya futi 32 yenye vitanda vya watoto, ikishapakiwa, inafika kilo 3,600, na asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo hulalia ndoano ya gari. Chukua 12: ni kilo 432. Zinabaki 268, yaani dereva, watu wazima wawili na mabegi machache, basi. Ile namba kubwa ya kuvuta kwenye tangazo la pikapu haikusaidii hapo. Ukizidisha uzito wa kwenye kibandiko, nyuma ya gari inainama, mbele inakuwa nyepesi, na usukani unalegea kwenye mteremko kama ule wa Monteagle, barabara ya I-24 kabla ya Chattanooga. Pikapu za daraja la juu, zile zenye namba 250 au 2500 kwenye jina, ndizo zinazofaa.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza: msivute. Orlando kuna watu wengi wanaokodisha kempa na kuileta wenyewe hadi kiwanjani, wanaisawazisha, wanaunganisha maji na umeme, na siku ya mwisho wanakuja kuichukua. Nyinyi mnasafiri na magari mawili ya kawaida, mmefika. Kabla ya kulipa muulize mwenye kempa mambo haya kwa maandishi: ana bima inayokubalika kambini? Nani anamwaga matangi siku ya mwisho? Shuka na vyombo vimo? Urefu wote ni futi ngapi pamoja na mkono wa mbele, na kuta zinazosukumwa nje kupanua chumba zinatoka upande gani? Urefu huo uupe kambi wakati wa kuandikisha, maana viwanja havilingani. Nafasi hufunguliwa zaidi ya mwaka mmoja mapema. Krismasi, mapumziko ya Machi na wiki za Halloween huisha kwanza. Januari baada ya sikukuu, na mwisho wa Agosti hadi Septemba, bei hushuka.

Umeme. Kila kiwanja kina kisanduku chenye soketi za ampea 20, 30 na 50. Kempa ya plagi ya ampea 30 inapata wati 3,600, si zaidi. Kiyoyozi kimoja kinakula ampea kama 13, maikrowevu 12, hita ya maji ikiwa kwenye umeme 12, mashine ya kukausha nywele 12. Viwili kwa pamoja sawa, vitatu breka inaruka, na kwa watu 12 asubuhi itaruka kila siku. Washeni hita kwa gesi, umeme uachieni kiyoyozi. Kama bei haitofautiani sana chukueni kempa ya ampea 50 yenye viyoyozi viwili. Hiyo ina laini mbili, jumla wati 12,000. Kati ya kisanduku na waya wa kempa kiwepo kifaa cha kulinda umeme kinachokata volti ikishuka mno, kwa sababu saa tisa alasiri kambi nzima imewasha viyoyozi, na volti ndogo huua kompresa kimyakimya.

Maji na choo ndipo safari za familia kubwa huharibikia, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Mpira uwe wa maji ya kunywa, na kwenye bomba la kambi mfunge kwanza kipunguza presha cha psi 40 hadi 50. Bila hicho viungo vya plastiki chini ya sinki hufumuka mkiwa bustanini, yaani kwenye viwanja vya michezo vya Disney, mkarudi mkakuta zulia linaelea. Hita nyingi za kempa hubeba lita 23 tu: mtu mmoja na nusu anaoga, wa pili anapiga kelele, halafu mnasubiri karibu nusu saa. Watu 12 wakioga dakika tano kila mmoja ni zaidi ya lita 300. Amueni mapema kuwa kuoga ni kwenye majengo ya mabafu, ambayo yako karibu na kila mzunguko na yana vyoo, mashine za kufulia na barafu. Bafu la kempa liwe la wazee na la mtoto mdogo.

Tangi la choo ni kama lita 130. Watu 12, mara tano kwa siku, lita moja na nusu kila mara, ni lita 90. Kwa hiyo mchana nendeni jengoni, usiku tumieni cha kempa, na mmwage kila siku ya pili. Valvu ya tangi hili ikae IMEFUNGWA wakati wote hadi siku ya kumwaga. Watu huiacha wazi wakidhani itajiendesha kama choo cha nyumbani. Maji yanatoka, kinyesi na karatasi vinabaki, vinakauka chini ya shimo, vinapanda kama kichuguu, na siku ya nne choo kimeziba huku tangi ni tupu. Siku ya kwanza mimina ndoo ya lita 10 na dawa ya tangi kabla mtu hajakitumia. Karatasi ijaribuni: kipande kwenye chupa ya maji, tikisa, kikimeguka ni sawa. Vitambaa vyenye unyevu vya watoto havimo kabisa, hata kama pakiti inasema vinafaa chooni. Taa za kipimo ukutani msiziamini, karatasi ikinata kwenye kihisio zinasoma robo tatu milele.

Kumwaga ni hivi. Vaa glavu, hakikisha valvu zote mbili, ya choo na ya maji ya sinki, zimefungwa, ndipo utoe kifuniko cha tundu la kutolea uchafu. Kiwiko cha bomba la kumwagia, cha plastiki kinachoonyesha ndani, kinaingia kwenye shimo la kambi na kukazwa. Upande wa kempa unazungusha bomba hadi ndoano mbili ziume, kisha vuta kwa mkono uone kama halichomoki. Bomba lishuke mfululizo. Likibonyea katikati uchafu unalala pale. Urefu wake usipungue mita 6, shimo si lazima liwe pale unapolitaka. Fungua valvu ya choo, vuta yote, sikiliza: mlio unaanza kwa kishindo, unakuwa kama kijito, unaisha. Funga, mimina ndoo mbili chooni, fungua tena, funga. Mwisho fungua valvu ya maji ya sinki yasafishe bomba. Ndiyo sababu tangi la sinki nalo lifungwe tangu jana yake. Kazi hii wape watu wawili wakubwa walewale siku zote. Wakibadilishana kila siku, kuna siku mtu atatoa kifuniko na valvu iko wazi.

Chakula. Friji ya kempa inayotumia gesi huchukua karibu saa 12 kupoa, mwombe mwenyewe aiwashe usiku wa kuamkia mnafika. Kwa watu 12 haitatosha, leteni masanduku mawili ya barafu, moja la nyama na moja la vinywaji linalofunguliwa kila saa. Kila kiwanja kina meza na jiko la mkaa la kuchomea nyama. Mkaa ni wenu. Ugali msisongee kwenye jiko la ndani, vyuma vyake ni vyepesi na mkono wa mwiko utavikunja. Leteni jiko la gesi la miguu mifupi: sufuria ya lita 8, maji lita 4, unga kilo 2, mmeshiba. Mkaa usiingie chini ya turubai wala ndani ya hema, hata ukionekana umezimika, kwa sababu ya hewa yake yenye sumu. Bustanini mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu, bila chupa za kioo na bila barafu ya vipande. Tumieni pakiti za kugandisha.

Tiketi zinahesabu umri: chini ya miaka mitatu bure, 3 hadi 9 mtoto, 10 na kuendelea mtu mzima. Mikahawa ya mezani hufungua nafasi siku 60 kabla, na meza ya 12 ni taabu kupata. Ombeni meza mbili za sita saa ileile. Vigari vya kusukuma watoto visizidi sentimita 79 kwa 132, na vile vya kukokota kama mkokoteni vinarudishwa langoni.

Wageni wa kambi huingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, lakini msiifukuzie kila siku. Kwenda Magic Kingdom, moja ya bustani hizo, mnapanda basi la ndani hadi Settlement, kituo cha kambi kilicho ziwani, halafu boti. Bustani nyingine ni basi la ndani hadi Outpost, kituo kilicho karibu na lango la kambi, halafu basi jingine. Toka mlangoni mwa kempa hadi getini, kwa kundi lenu, hesabuni saa moja na nusu. Vigari vidogo vya gofu vinakodishwa na huisha mapema. Wekeni kimoja cha wazee, akiendesha mwenye leseni, wengine wapande basi. Saa saba mchana, jua likiwa kali, rudini mlale, mtoke tena saa kumi na moja. Jioni kuna nyimbo za watoto kuzunguka moto pale Meadow, katikati ya kambi, bure.

Juni hadi Septemba ngurumo za mvua huja karibu kila alasiri. Kila mnapotoka kunjeni turubai la kivuli, hata kama mbingu ni safi, maana upepo wa dakika moja unang'oa mikono yake. Vigingi vya hema viwe virefu, ardhi ni mchanga. Takataka ziingie ndani usiku kwa ajili ya rakuni, wanyama wadogo wanaofukua takataka, na kabla ya kutandika mkeka angalieni siafu wekundu. Ziwani hakuna kuogelea, na watoto wasicheze ukingoni: kuna mamba.

Kuingia kiwanjani ni saa saba mchana, kutoka ni saa tano asubuhi. Siku ya mwisho mwageni matangi saa moja, kabla ya chai, maana ikifika saa nne kila mtu anataka bomba lake, na mwenye kempa tayari amesimama nje na gari lake la kuvutia.