Kundi la Nne Halileti Mvua

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ninaishi Kisauni. Nimekusanya ramani za kila siku za mgandamizo wa hewa juu ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi, za miaka 30, nikaziingiza katika programu ya kompyuta inayoweka pamoja ramani zinazofanana. Imenipa makundi 7, na siku za kundi la nne zina wastani mkubwa wa mvua hapa Mombasa. Je, ninaweza kuwatumia wavuvi ujumbe wa simu kila kundi hilo linapoingia, niwaambie kuwa mvua inakuja?

JIBU: Usiwatumie ujumbe huo. Namna programu inavyopima mfanano unaijua, kwa hiyo sitairudia. Linalonikera ni hatua uliyoiruka baada ya hapo, nami huiona kila msimu, kwa wanafunzi na kwa watu wanaojiita wataalamu: mtu akishapata jina la kundi, huanza kulizungumzia kana kwamba ni kitu kilichoko angani chenye uwezo wa kunyesha. Kundi ni jina tulilolipa mfanano, basi. Ungeiomba programu makundi 5 ingekupa 5, ungeomba 12 ingekupa 12, na hakuna wingu hata moja ambalo lingeongezeka.

Fungua orodha ya siku za kundi la nne, uhesabu ni ngapi zilizoangukia Aprili na Mei. Zikiwa nyingi, kama ninavyotarajia, basi programu yako imegundua masika. Kwamba Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa hakukuhitaji kompyuta. Manahodha wetu waliugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaani mwaka mpya wa kale wa pwani, wakajua lini kaskazi inalegea, lini ni maleleji, pepo zinapogeuka, na lini kusi inafunga bahari. Ondoa kwanza mwendo wa kawaida wa msimu katika kila ramani, ili tarehe 10 Mei ilinganishwe na siku za Mei za miaka mingine, si na Januari, kisha upange upya.

Kosa la pili ni kutegemea mgandamizo peke yake. Njia hiyo ilikuzwa Ulaya: wataalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Hess na Brezowsky, walitoa mwaka 1952 orodha yao ya aina za hali ya hewa za Ulaya ya Kati, na Mwingereza Lamb akafanya vivyo hivyo kwa visiwa vya Uingereza. Huko dhoruba ikipita mgandamizo huweza kushuka kwa hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 20 au zaidi, na upepo huufuata. Sisi tuko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, ambako nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ni hafifu, kwa hiyo upepo haufuati mgandamizo kama huko. Kitazame kipimahewa hapa Mombasa siku yoyote tulivu: hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, kisha hupanda tena usiku, na tofauti yote ni kama hektopaskali 3 tu. Ikiwa ramani zako hazikuchukuliwa saa ileile kila siku, huenda sehemu ya makundi yako ni saa tu. Tumia pepo za kimo cha kilomita 1.5 hivi, ambako ndiko unakopita mkondo wa kasi wa kusi alioueleza mtaalamu wa hali ya hewa Findlater mwaka 1969, pamoja na unyevu wa hewa.

Nao wastani hudanganya. Siku 9 kavu na siku moja ya milimita 100 zina wastani wa milimita 10 kwa siku, ilhali mvuvi anayekaa nyumbani siku zote 10 amepoteza 9 bure. Mtumie mvuvi uwezekano wa mvua, tena baada ya kuupima kwa miaka ambayo programu haikuiona.

Ninasisitiza hivi kwa sababu jina la El Niño linatumiwa vibaya kwa namna hiyohiyo. Ni kundi pia: joto la bahari katikati ya Pasifiki likizidi wastani kwa nusu nyuzi au zaidi kwa miezi kadhaa, hali hiyo tunaipa jina. Mwaka 1997 iliambatana na joto lisilo la kawaida magharibi mwa Bahari ya Hindi, na vuli ikaleta mafuriko. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa, lakini vuli yetu haikufikia ya 1997. Nilikutana na muuza mbao aliyeuza mali yake kwa hasara akikimbia gharika aliyotangaziwa kwa sauti za kusambazwa kwenye simu. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya maana, na bado mafuriko yalikuja, kwa kuwa Bahari ya Hindi yenyewe ilikuwa na joto kubwa upande wetu na baridi upande wa Indonesia. Hali ya namna hiyo ilikuwapo mwaka 1961 pia, vuli ambayo ilianza kulipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita moja.

Kwa hiyo anayekuuzia kalenda ya mvua ya mwaka mzima, mtaa kwa mtaa, kwa sababu tu jina fulani limetangazwa, usimpe hata shilingi. Mwambie akuonyeshe utabiri alioutoa miaka iliyopita, pamoja na siku alizokosea.