Historia ya usanifu italipa?

Mdogo wangu wa Kondele, unauliza kama mwenye diploma ya grafiki anaweza kuishi kwa historia ya usanifu wa vitu, yaani dizaini. Anaweza, ila huku kwetu mshahara hutoka kwenye kufundisha. Utafiti unaufanya pembeni. Digrii ya usanifu ipo Chuo Kikuu cha Nairobi. Uzamili maarufu wa historia yenyewe ni wa London, ule ambao jumba la makumbusho la V&A na chuo cha sanaa cha Royal College of Art walianzisha 1982. Ghali mno! Tafuta ufadhili kwanza.

Lakini usingoje. Nenda soko la Kibuye, nunua koroboi. Igeuze: karibu na mshono, maandishi ya kopo la zamani huenda bado yanasomeka. Muulize fundi alijifunza kwa nani, na kwa nini kishikio kiko upande ule. Piga picha, andika tarehe. Mimi nilianza na kigoda cha nyanya yangu, na ndicho nilichobeba kwenda nacho kwenye usaili.