Barua kwa mwanangu Rashidi, kuhusu jina la mkeo

Mwanangu Rashidi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nimemsomea mama yako mkubwa Mwamvua kwa sauti kwa sababu miwani yake imevunjika tena. Umeniuliza jambo moja: je, Livingstone ya mkeo Fiona ni ukoo mmoja na Livingstone wa hapa kwetu Ujiji, yule mmisionari na msafiri David Livingstone? Maana kila ukimtambulisha kwa Watanzania wenzako huko Glasgow wanakuuliza hivyo, na wewe unabaki kutabasamu tu. Halafu mwisho kabisa, kama mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo, ukasema mtoto akizaliwa bado hamjaelewana aandikwe jina la baba au la mama, na kwamba hilo nisilitolee hukumu. Sawa. Nitajitahidi.

Kwanza ondoa wazo kwamba wote wanaoitwa Livingstone ni watoto wa tumbo moja. Jina hilo lina mashina mawili, na mashina yenyewe hayajuani. Shina la kwanza ni la kusini. Magharibi ya Edinburgh kuna mji unaitwa Livingston. Karne ya 12, enzi za mfalme David wa Kwanza, mtu aliyeitwa Leving alimiliki ardhi pale, na mahali pakaitwa kwa jina lake, kama sisi tunavyosema Kwa Fulani. Waliokuja baada yake wakachukua jina la mahali wakalifanya la ukoo. Hao wakawa wakubwa. Walifikia kuwa makabaila wa Linlithgow, na binti yao Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale Mary wanne waliofuatana na malkia mdogo wa Uskoti kwenda Ufaransa mwaka 1548.

Shina la pili ni la pwani ya magharibi na visiwa vyake, kwa watu wa Kigaeli, na ndilo linalokuhusu, kwa sababu uliwahi kuniambia wazee wa Fiona walitoka kisiwa cha Lismore. Watu wale hawakuwa Livingstone hata kidogo. Kwao waliitwa kwa namna yetu sisi: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani. Ile "Mac" unayoiona kila mlango huko maana yake ni "mwana wa", sawasawa na bin. Mwanamke wao ni "Nic", yaani binti. Jina lao la zamani wataalamu wanaligombania. Wapo wanaosema lilikuwa Mac an Lèigh, mwana wa mganga, na wapo wanaosema lilitokana na mzee aliyeitwa Dunsleve. Mimi napenda la mganga, lakini kupenda si ushahidi, na niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo miaka 31. Pale Lismore ukoo huo ndio uliokabidhiwa fimbo ya mtakatifu Moluag, aliyefika kisiwani karne ya 6, na hadi leo ukoo wa Livingstone wa Bachuil, ndilo jina la fimbo yenyewe, unahesabiwa kuwa mtunzaji wake. Muulize Fiona kama babu yake alimpeleka kuiona.

Sasa ilikuwaje mwana wa mganga akawa Livingstone? Kalamu, mwanangu. Waliokuwa na madaftari ya kodi na ya kanisa waliandika Kiingereza, majina ya Kigaeli yaliwashinda ulimi, na kusini kulikuwa na jina kubwa, safi, la watu wenye ardhi. Karne ya 17 na ya 18 watu wakaanza kuandikwa hivyo, na wengine wakajiandikisha wenyewe. Usishangae. Wewe hapo Glasgow umeshaandikwa ukoo wa Hamisi. Hamisi ni babu yako, baba yake baba yako, fundi wa mitumbwi pale Kibirizi, na hakuwahi kufikiri kwamba jina lake litasimamishwa kama kisiki wajukuu na vitukuu wafungwe hapo. Mtoto wa kwetu anatembea na jina lake, la baba na la babu, kisha babu anaachwa nyuma, zamu inaendelea. Huko wamesimamisha zamu. Ndivyo walivyofanyiwa na wana wa Mac.

Ninyi wanangu mmelichoka neno langu lakini narudia: jina ni la anayeliitikia.

Nikuambie kuhusu yule wa kwetu. Baba wa babu yake alikufa vitani Culloden, Aprili 1746. Babu yake, Neil, alikuwa mkulima mdogo kwenye kisiwa cha Ulva, na mwaka 1792 ardhi ilipomshinda kulisha watoto akahamia Blantyre, karibu na hapo ulipo, kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba. Hapo ndipo David alizaliwa, tarehe 19 Machi 1813, katika nyumba ya chumba kimoja ndani ya jengo la familia 24. Akiwa na miaka 10 alikuwa anaunganisha nyuzi kiwandani kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baba yake aliandika jina bila herufi "e" mwishoni, na David mwenyewe aliandika hivyo mpaka utu uzima. Na Ulva yenyewe, iliyokuwa na watu takriban 600, ilimwagwa kama maji ya kuoshea vyombo. Viazi vilioza mwaka 1846, mwenye kisiwa akaona kondoo wanalipa kuliko wapangaji, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya watu walikuwa wameondolewa. Wengine Glasgow, wengine Kanada, wengine Australia. Leo wamebaki watu wachache sana. Kwa hiyo ukikutana na Livingstone wa Kanada, usimuulize habari za Ujiji. Muulize habari za Ulva.

Jambo moja aliloandika David Livingstone mwenyewe silisahau. Alisema babu yake aliweza kueleza habari za wazee wa vizazi sita kabla yake. Sita, Rashidi. Mtu wa kiwandani, maskini, mkimbizi wa njaa, ana sita mdomoni.

Nimefika mahali sikutaka kufika, lakini kalamu imeshanileta.

Mwaka 1971 nilikuwa darasa la saba. Ilikuwa imetimia miaka mia tangu mwandishi wa habari Stanley amkute Livingstone hapa, na mwalimu wetu alikuwa ametupanga kama askari: tukakariri Blantyre, tukakariri Ulva, tukakariri kiwanda na masaa yake. Jioni moja nilikuwa nasoma kwa kibatari, na bibi yangu Zena anachambua dagaa kwenye ungo. Nasoma kwa sauti ili nishike. Bibi akasikiliza weee, kisha akauliza, "Huyo mzungu babu yake alitoka kisiwa gani?" Nikamjibu, Ulva. Akacheka kidogo. Akasema, "Na babu yangu mimi je? Unajua baba yangu Feruzi aliitwaje kwao Manyema, kabla hajaletwa huku?" Nikasema, "Bibi, ngoja kwanza. Kesho nina mtihani."

Akasema, "Haya mama, soma."

Basi. Hakukasirika. Akaendelea na dagaa wake. Wiki ya tatu baada ya mtihani alikufa, homa ya siku mbili. Swali la Livingstone lilikuja kweli kwenye mtihani na nililipata lote.

Unajua Feruzi ni jina gani. Feruzi, Almasi, Mabruki, hayo ni majina waliyopewa watoto waliotembezwa na misafara kutoka Manyema. Mama hamwiti mwanawe hivyo kule Kongo. Alikuwa na jina alilopewa siku aliyozaliwa, Bibi alilijua, na alitaka kunipa mimi, mtoto aliyekuwa na daftari mkononi. Mama yako mkubwa Mwamvua anasema lilianza na "Mu". Mu nini, hakumbuki. Nimewauliza wazee wa Ujiji wote waliobaki. Nilipokuwa nafundisha, kila Novemba nilikuwa nawapeleka wanafunzi kwenye mnara pale kwenye miembe, nawaeleza, na kila nikitaja Ulva nasikia mlio wa dagaa kwenye ungo.

Kuna kitu sikuwahi kukisema darasani kwa sababu hakikuwa kwenye muhtasari. Chini ya ule mwembe walishikana mikono watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyebeba jina la mababu zake. Livingstone, nimeshakueleza. Na Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikwa John Rowlands. Jina la Stanley alilichukua huko Marekani akiwa kijana. Na Abdullah Susi aliyekuwa amesimama pembeni, huyo aliyekuja kuubeba mwili wa bwana wake Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874 pamoja na Chuma na wenzao, mwaka 1886 alibatizwa Zanzibar akaitwa David. Majina yote yale yalikuwa yamesafiri kuliko hata miguu yao.

Halafu kuna Robert, mtoto wa kwanza wa Livingstone. Huyu ananiuma kama mzazi. Alivuka kwenda Marekani, akaingia vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kaskazini, na akajiandikisha Rupert Vincent. Akamwandikia baba yake kwamba amebadili jina ili asizidi kulitia aibu lile la nyumbani. Alitekwa, akafa kambini Salisbury, North Carolina, Desemba 1864, ana miaka 18. Baba yuko Uingereza anaandika kitabu cha safari zake, mtoto kule anazikwa bila jina la baba. Najiuliza kama alikuwa anaitika alipoitwa Vincent, au alikuwa anachelewa kidogo kila mara, kama mtu anayesikia jina la jirani.

Hapo ndipo neno langu linaponigeuka. Jina ni la anayeliitikia, nasema. Lakini Feruzi aliitikia kwa sababu asiyeitika hupigwa. Je, lilikuwa lake? Na huko Jamaika ambako majina ya Kiskoti yamejaa kama embe, hata yule mwimbaji wa rege Bunny Wailer uliyekuwa unamsikiliza ukanizibia masikio, jina lake la kuzaliwa ni Neville Livingston. Majina ya namna hiyo yalifika kule na mashamba ya miwa. Huko New York nako, tawi la Livingston wa kusini, watu wa Robert aliyezaliwa Ancrum mwaka 1654, walipata ardhi isiyo na kifani, mmoja wao akatia saini tangazo la uhuru mwaka 1776, na fedha zao zilikuwemo kwenye meli za watumwa. Jina lile lile ambalo hapa kwetu tulifundishwa kuwa ni la adui wa biashara hiyo. Sasa hapo nani anaitika kwa haki na nani kwa fimbo? Nikifikiri sana nasema jina la kupewa kwa nguvu litupwe. Kisha namkumbuka Bibi alivyokuwa akiapa, "Wallahi, mimi binti Feruzi!" na hakuna mtu aliyethubutu kumbishia. Feruzi alijenga kwa jina lile, akaoa nalo, akazikwa nalo. Nikilitupa namtupa nani?

Kwa hiyo swali lako: Fiona na yule wa Ujiji wanaweza kuwa wametoka pwani moja, watu wa Kigaeli walioandikwa upya na kalamu ya watu wengine. Hilo waambie hao wanaokuuliza. Kama ni damu, jina peke yake halithibitishi, na mtu akikukazania mwambie mama yangu ni mwalimu wa historia amekataa.

Kuhusu mtoto nimeahidi kunyamaza. Ila nikukumbushe tu, si hukumu hii, kwamba Uskoti ya zamani mwanamke aliyeolewa alibaki na jina la baba yake, na mpaka leo utaliona kwenye mawe ya makaburi, kama kwetu ambapo binti Feruzi alikufa binti Feruzi. Kwa hiyo Fiona anapolishikilia lake hafanyi ugeni wowote. Na wewe unapotaka Rashidi lisimame nyuma ya jina la mwanao hufanyi ugeni pia. Mimi nina maoni. Unanijua, nina maoni hata juu ya chumvi ya jirani. Nimeyaandika hapa chini nikayakata, usijaribu kusoma kupitia wino.

Lakini kabla hamjaenda kuandikisha, nenda Oban kwa babu yake Fiona. Umesema ana miaka 91 na bado anajua Kigaeli. Washa simu irekodi, mkae naye, mwacheni ataje mpaka achoke. Akifika wa sita usimkatishe. Hata kama mna treni, iacheni ipite hiyo treni.

Barua inakuja na mtoto wa jirani anayerudi masomoni Edinburgh. Nimempa dagaa kilo mbili na chupa ya mawese, mwambie Fiona mawese hayawekwi kwenye friji. Nipigie Ijumaa baada ya Adhuhuri, mtandao huwa mzuri. Mwamvua amekaa hapa ananiambia nikwambie kwamba amekumbuka tena: huenda halikuwa "Mu", huenda lilikuwa "Mwa".

Mama yako,
Ujiji