Windows 11 imeikataa kompyuta yangu: je, ninunue nyingine?

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: kompyuta yako mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6 na RAM ya GB 8 bado inafanya kazi vizuri, lakini Windows 11 inaikataa, na muuzaji anakuhimiza ununue nyingine.

Usikimbilie kununua. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, hivyo kukataliwa huko hakumaanishi kwamba mashine imechakaa. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, ila mianya mipya ya usalama haitazibwa, jambo la hatari kwa mtu anayefanya miamala ya benki humo. Watumiaji binafsi wanaweza kujiandikisha kupata masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambayo ni nafuu ya muda tu.

Kwa kuwa kazi zako ni barua, hesabu na intaneti, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows. Ijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukikagua Wi-Fi, sauti na hasa printa, maana printa ndiyo husumbua. Ikiwa programu yako ya uhasibu ni ya Windows pekee, ushauri huu haukufai.

Kabla ya lolote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Ukikuta diski ya ndani imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data za diski kwa ufunguo) na huna ufunguo wa kuirejesha, mwone fundi kabla hujabadilisha chochote.