Kava za chini na joto la egzosi: kwa mnaoanza gereji

Vijana wangu, mteja akileta gari kwa sababu kuna bati linalogonga chini, msikimbilie kuling'oa. Naona mafundi wapya wengi wakifanya hivyo, kelele inaisha na mteja anaondoka anashukuru. Lakini lile bati jembamba la alumini juu ya egzosi ndilo linalorudisha joto chini lisifike sakafuni, na uwazi kati yake na bodi unamalizia kazi. Mara nyingi limelegea tu: alumini ikikaa na bolti ya chuma kwenye hewa ya chumvi, kama ya Dar au Mombasa, tundu hulika na kupanuka. Weka washa pana ya stenlesi, kaza, umemaliza.

Sasa gari likiwa na kava za chini, yaani vifuniko vya kukinga tumbo la gari, mambo yanazidi. Kava nyingi ni plastiki ya polipropilini, inayoyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi. Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye egzosi, yakifanya kazi sawasawa hupita nyuzi 400, na gari likipanda mlima na mzigo huenda juu zaidi. Ndiyo maana kwa kawaida kava za kiwandani hukaa pembeni, na ile njia ya egzosi katikati huachwa wazi. Mteja akitaka uchonge kava mpya baada ya ile ya zamani kupasukia kwenye matuta, usiizibe njia hiyo, na upande wa nyuma uache hewa itoke. Utepe wa kuviringisha bomba ili kuzuia joto mimi siupendi. Hushika maji, bomba linaoza.

Kupima nako kuna ujanja wake. Gari likikimbia, upepo unaondoa joto. Likisimama baada ya safari ndefu, upepo umekata na masega bado ni ya moto, kwa hiyo kava na raba za kuning'iniza egzosi zinaendelea kupata joto dakika kadhaa injini ikiwa imezimwa. Pima wakati huo. Kile kipimajoto cha bastola, kinachopima bila kugusa, kinadanganya kwenye alumini inayong'aa, kinasoma chini mno. Paka doa la rangi nyeusi ya kuhimili moto, upime hapo.

Ukishusha kava kumwaga oili, igeuze. Majani makavu hujazana upande wa juu, yaondoe. Zile za kitambaa kigumu hunywa oili inayovuja. Iliyolowa usiirudishe, ziba uvujaji, gari litembee bila kava mpaka nyingine ipatikane.